Seyyid Barghash: Sultani aliyepoteza bara, nguzo zake zikabaki Maruhubi

Na Mwandishi Wetu

VIJANA wa Bugoye wanaobeba mizigo ya watalii kutoka Nyakalengija kuelekea kwenye theluji ya Rwenzori wanaijua kazi ya upagazi. Wanajua jinsi mzigo unavyokuwa mwepesi asubuhi na jinsi unavyokata bega ifikapo mchana. Kazi hiyo ina historia ndefu katika nchi hii kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Juni 1889 msafara wa mamia ya watu uliizunguka ncha ya kusini ya mlima huu, ukitokea Bonde la Semliki, ukafika Katwe kwenye ziwa la chumvi. Mkuu wa msafara alikuwa Mzungu, Henry Morton Stanley. Lakini wengi wa waliobeba mizigo na bunduki walikuwa watu wa Unguja, na lugha waliyopigiana kelele njiani, waliyopikia na kuzikana, ilikuwa Kiswahili.

Watu hao waliondoka kwao Februari 1887 kwa ridhaa ya Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar. Walipoiona Katwe, Barghash alikuwa kaburini kwa zaidi ya mwaka mmoja, na nchi aliyodai kuwa yake bara ilikuwa imekwisha kugawanywa na watu ambao hawakuwahi kuiona.

Wafanyabiashara wa Mpondwe na Kasindi wengi wamelisikia jina la Barghash nusunusu. Hata baadhi ya ndugu zetu waliorudi kutoka kazini Oman wamelikuta huko, midomoni mwa Waomani wanaosema Kiswahili na ambao babu zao waliishi Unguja. Makala haya yanaeleza alikuwa nani, na kwa nini nguzo za jumba lake la shamba bado zimesimama peke yake ufukweni.

Nguzo bila nyumba

Ukitoka Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa barabara ya Bububu, mwendo wa kilomita 4 hivi kuelekea kaskazini, unafika Maruhubi. Kushoto kwako ni bahari. Kati ya barabara na maji ipo miembe mikubwa, na chini yake magofu.

Kinachoonekana kwanza ni nguzo. Ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, zimejipanga zikiwa hazikubeba kitu. Mgeni asiyeambiwa angedhani ni lango la mji uliohama. Zamani zilishika roshani kubwa ya mbao ya ghorofa ya juu, ambako wakazi wa jumba walikaa jioni kupunga upepo wa bahari. Pembeni yapo mabaki ya hamamu yenye kuba, mfereji uliopitisha maji juu ya matao, na mabirika ambayo sasa yameota mayungiyungi.

Barghash alilijenga jumba hilo kati ya mwaka 1880 na 1882. Jina la Maruhubi si lake. Ni la ukoo wa Kiarabu uliokuwa na ardhi hiyo kabla yake. Waongozaji wa watalii hupenda kusema kuwa aliwaweka humo masuria 99 na mke mmoja. Hesabu hiyo inanukia hadithi ya kuwafurahisha wageni. Lakini kwamba jumba lilikuwa la wanawake wa sultani, na kwamba wengi wa wanawake hao hawakufika pale kwa hiari, hilo halina ubishi.

Kijana mwenye haraka

Alizaliwa mwaka 1837 hivi, mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja na kuijaza mikarafuu. Mama yake Barghash alikuwa suria wa Kihabeshi. Katika ukoo ule hilo halikumzuia mtoto kutawala, kwa kuwa karibu watoto wote wa Said walizaliwa na masuria.

Oktoba 1856 Said alifariki baharini karibu na Shelisheli, akirudi kutoka Oman. Barghash alikuwa naye melini. Kijana wa miaka 19 hivi, mbele ya maiti ya baba yake, alianza kupiga hesabu. Meli ilipofika Unguja aliishusha maiti usiku na kuizika kimya kimya, kisha akajaribu kuikamata ngome kabla ndugu yake Majid hajajua kuwa baba yao amekufa. Hakufanikiwa. Majid akawa mtawala wa Zanzibar, na kaka yao Thuwaini akabaki na Oman.

Miaka mitatu baadaye alijaribu tena, na safari hii aliwavuta dada zake. Mmoja wao alikuwa Salme, binti wa miaka 15 aliyejua kuandika, jambo adimu kwa wasichana wa jumbani wakati huo. Yeye ndiye aliyekuwa karani wa njama. Majid alipopata habari aliizingira nyumba ya Barghash mjini. Dada zake wakaenda usiku na kundi la wanawake waliojifunika, wakapenya, wakamtoa ndugu yao akiwa amevaa mavazi ya kike hadi machoni.

Alikimbilia shamba. Huko kulikuwa na jumba zuri liitwalo Marseilles, jina lililotolewa na ndugu yao mwingine, marehemu Khalid, aliyewapenda Wafaransa. Wafuasi wa Barghash walilifanya ngome. Majid akaja na jeshi lake, Waingereza wakamsaidia kwa askari wa majini, na jumba likapigwa mizinga hadi likaharibika vibaya. Hilo lilikuwa jumba la shamba la kwanza kupotea kwa sababu ya Barghash, naye wakati huo alikuwa na miaka 22 tu.

Alirudi mjini kwa siri, akajisalimisha, akapelekwa Bombay akiwa mtu aliyefukuzwa kwao.

Mrejea wa kwanza

Wapo wasomaji wetu wanaojua maana ya kukaa ugenini si kwa kupenda. Mtu huondoka na hasira, akarudi na macho mengine. Barghash alikaa Bombay kama miaka miwili. Mji ule ulikuwa umeanza kuwa na reli, na mwaka 1860, wakati yeye yuko huko, maji ya mabomba yalianza kuufikia kutoka ziwa la Vihar. Katika mji wa Unguja watu bado walichota visimani, visima vilivyochimbwa jirani na vyoo na makaburi, na kipindupindu kiliwafagia kila kilipopita.

Wakati huohuo mpaka ulichorwa bila yeye. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, aliamua kwamba Oman na Zanzibar ziwe nchi mbili, na Zanzibar iilipe Muscat riali 40,000 kila mwaka. Ndugu wa baba mmoja wakawa majirani wa kulipana.

Barghash aliporudi kwao alitulia. Alisubiri hadi Oktoba 1870 Majid alipokufa bila mtoto wa kiume. Safari hii hakuhitaji kuvaa buibui. Alipewa kiti.

Kimbunga na mkataba

Utawala wake ulianza vibaya. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilikuwa kimeua maelfu. Kisha Aprili 15, 1872, kimbunga ambacho Unguja haikuwa imekizoea kilipiga kisiwa, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha merikebu za sultani bandarini. Pemba ilinusurika kwa kiasi, na tangu hapo imekuwa ndiyo kisiwa cha karafuu.

Mtu akiwa ameanguka ndipo wadai hubisha hodi. Januari 1873 alifika Sir Bartle Frere kutoka London na mkataba wa kufunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Barghash alikataa. Alisema kwa njia zote alizojua kuwa mashamba yamelala chini na watu wake hawatamwelewa. Waingereza wakamjulisha kupitia balozi wao, Dk. John Kirk, kwamba manowari zitaziba bandari. Juni 5, 1873 akatia sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mahali pake likajengwa kanisa la Waanglikana ambalo lipo hadi leo.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Barghash hakufunga soko kwa huruma, na kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa. Mashamba yake na ya matajiri wenzake yaliendelea kulimwa na watumwa, kwani utumwa wenyewe ulikuwa halali Zanzibar hadi mwaka 1897. Na pembe za ndovu zilizojaza ghala zake zilitoka mbali, Manyema na misitu ya mashariki ya Kongo, ambako wafanyabiashara wenye bunduki walichoma vijiji na kuteka watu. Wakazi wa upande ule wa Semliki wana masimulizi ya enzi hizo, wala si masimulizi ya fahari.

Safari ya Uingereza

Mwaka 1875 alialikwa Uingereza. Alifika London mwezi Juni, akapokelewa na Malkia Victoria huko Windsor, akatembezwa viwandani na katika majumba ya mabwana, kisha akaenda Paris kabla ya kurejea nyumbani. Alitazama mambo kama mfanyabiashara anavyotazama duka la mwenzake. Inasemekana ukuta mrefu alioujenga baadaye kuzunguka bustani ya Maruhubi ulitokana na kuta za mashamba ya mabwana alizoziona huko.

Dada yake Salme naye alikwenda London mwaka huo kumtafuta. Mwaka 1866 alikuwa ametoroka Unguja akiwa na mimba ya Mjerumani, Heinrich Ruete, akabatizwa, akaolewa, akaitwa Emily, na mwaka 1870 akafiwa na mumewe. Alikuwa Ujerumani na watoto watatu na fedha kidogo. Waingereza hawakutaka ndugu hao waonane. Walimshawishi asimsogelee kaka yake, wakampa ahadi za msaada kwa watoto ambazo hazikutimizwa. Yule aliyemwandikia barua za njama mwaka 1859 alirudi Ujerumani bila kumwona.

Maji, taa na pesa yenye mizani

Kuanzia hapo Barghash alijenga kama mtu anayekimbizwa na saa. Alileta maji ya mabomba mjini kutoka chemchemi za nje ya mji, na watu wakayachota bure. Pengine hakuna jingine alilolifanya lililookoa roho nyingi kiasi hicho. Alijenga hamamu ya watu wote mjini, katika mtaa ambao mpaka leo unaitwa Hamamni. Alileta mtambo wa kuchapa vitabu vya dini na sheria. Alinunua meli za moshi, zikawa zinabeba mchele kutoka India na kuwapeleka mahujaji Jeddah. Mwaka 1877 alianzisha jeshi la mtindo wa kisasa chini ya Luteni Lloyd Mathews, Mwingereza aliyetoka jeshi la majini.

Mwaka 1883 lilikamilika Beit al-Ajaib, jumba refu la maonyesho mbele ya bahari, ambalo baadaye lilikuwa na taa za umeme na lifti. Jumba hilo lilisimama miaka mingi hadi sehemu yake ilipoporomoka Desemba 25, 2020.

Kitu kingine alichokiacha kingewafurahisha zaidi wasomaji wa mpakani. Alitengeneza sarafu za shaba zenye mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Upande mmoja zina jina lake, na upande wa pili zina picha ya mizani. Sarafu hiyo iliitwa pesa, neno lililotoka India. Leo mwanamke anayehesabu faranga za Kongo na shilingi za Uganda chini ya mwavuli pale Mpondwe anaziita zote kwa jina hilo.

Fedha zilitoka wapi?

Msomaji atauliza, fedha za kujenga yote hayo alizitoa wapi? Jibu ni forodha. Karafuu zilimpa sehemu, lakini mgongo wa hazina yake ulikuwa ushuru wa bandari: Mombasa, Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, Lindi na nyinginezo.

Kwa mikataba ya tangu zama za baba yake na Marekani, Uingereza na Ufaransa, bidhaa zilizoingia zilitozwa asilimia 5 na si zaidi. Hakuweza kuipandisha hata akitaka. Pembe zilizotoka bara zilitozwa kwa frasila, ambayo ni paundi 35 au kilo 16 hivi, na kiwango kilitegemea zimetoka sehemu gani ya bara.

Sultani hakukusanya ushuru huo mwenyewe. Aliukodisha. Tajiri mmoja alilipa kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, kisha yeye ndiye akaweka watu wake bandarini na kilichozidi kikawa chake. Kwa muda mrefu mkodishwaji alikuwa kampuni ya Wahindi ya Jairam Shivji, na baadaye Tharia Topan, Khoja aliyeanza maisha na mikono mitupu. Wale wanaolipia meza za soko kwa mtu aliyeshinda zabuni wanaufahamu mpango huo, pamoja na malalamiko yake. Mwaka 1886 Barghash aliamua kuendesha forodha mwenyewe. Alikuwa amechelewa.

Kwa nini ukodishaji huo ni muhimu katika habari ya nguzo za Maruhubi? Kwa sababu kila jiwe la jumba lile lililipiwa na mzigo uliopita bandarini, na kila mzigo ulitoka au ulikwenda bara. Barghash hakuwa na askari Tabora au Ujiji wa kutosha kulinda hata soko moja. Alikuwa na wafanyabiashara waliompandishia bendera nyekundu na kumletea pembe. Palipo na biashara alihesabu kuwa pana nchi yake. Wazungu hawakuhesabu hivyo.

Mkubwa wa wafanyabiashara hao alikuwa Hamed bin Muhammed al-Murjebi, maarufu Tippu Tip, mtu wa rika lake. Mwaka 1882 Tippu Tip alirudi Unguja kutoka Kongo baada ya miaka 12 akiwa na shehena kubwa ya pembe. Barghash alimpokea vizuri na mwaka uliofuata akamrudisha bara kama mtu wake, amshikie nchi ya Manyema na ahakikishe pembe zinateremkia Unguja, zisielekee mtoni magharibi kwa watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Mpaka uliochorwa kwa kalamu

Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters aliingia bara kupitia Saadani, akazunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami kwa wiki chache, akarudi na karatasi zenye alama za vidole na misalaba ya machifu. Februari 27, 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kumalizika, serikali ya Ujerumani ilizitambua karatasi hizo. Barghash hakuwa amealikwa Berlin.

Alipinga kwa simu ya maandishi kwenda Ujerumani. Akamtuma Mathews hadi Kilimanjaro kupata viapo vya machifu na kupandisha bendera. Agosti 7, 1885, manowari tano za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Katika msafara huo, kwenye meli nyingine, alikuwemo dada yake Salme, ambaye Wajerumani walimleta wamtumie kama kisingizio endapo sultani angekuwa mkaidi. Barghash aligeukia Waingereza, waliokuwa wakimwita rafiki kwa miaka 12. Walimshauri akubali. Akakubali.

Salme alishuka Unguja baada ya miaka 19. Watu wa mjini walimlaki kwa shangwe, lakini kaka yake alikataa kumwona na kumpa urithi aliodai. Mwaka uliofuata kitabu cha maisha yake kilichapishwa Ujerumani, na mambo mengi tunayoyajua kuhusu ujana wa Barghash yametoka kwa mkono wa dada huyo aliyemnyima.

Kisha ikaja tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa kupima nchi ya sultani ina ukubwa gani. Mjumbe wa Uingereza alikuwa Kitchener, yule aliyekuja kuwa jenerali mashuhuri. Walipita pwani kwa meli wakiuliza sultani ana askari wapi na mtoza ushuru wapi. Novemba 1, 1886 London na Berlin zikaafikiana: visiwa ni vyake, na pwani kutoka Mto Minengani hadi Kipini ni yake kwa upana wa maili 10 tu kutoka baharini, pamoja na miji michache ya Somalia. Bara lote likagawanywa kwa mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria. Barghash alitia sahihi mwezi Desemba.

Mistari ya namna hiyo iliendelea kuchorwa baada yake. Huu wetu, unaokata Rwenzori na kuwaweka Bakonzo upande huu na ndugu zao Banande upande ule, uliafikiwa Brussels mwaka 1910. Na ile pwani ya maili 10? Mwaka 1887 Barghash aliwapangisha Waingereza sehemu yake ya kaskazini. Kwa sheria, Mombasa ilihesabiwa nchi ya Sultani wa Zanzibar hadi Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963. Kontena la vitenge linaloshushwa Mombasa kwa ajili ya Kasese na Beni limepita kwenye bandari aliyoipangisha yeye.

Miezi ya mwisho

Tippu Tip alirudi Unguja mwaka 1886 akitaka bunduki na baruti za kuilinda Manyema. Alimkuta bwana wake amevunjika. Barghash alimweleza wazi kuwa bara hana uwezo nalo tena, na kwamba hata Unguja yenyewe ina wenye kuitaka. Tippu Tip, kwa maelezo yake mwenyewe, hapo ndipo alipojua kuwa mambo yamekwisha.

Februari 1887 Stanley alifika kukusanya watu wa kwenda kumwokoa Emin Pasha kwenye Ziwa Albert. Alichukua zaidi ya wapagazi 600, ambao baadhi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Tippu Tip naye alipanda meli hiyo hiyo, akiwa amekubali kazi ya ugavana wa Stanley Falls chini ya Leopold. Sultani aliridhia. Meli ilizunguka Afrika ya Kusini hadi mdomo wa Mto Kongo, na watu wakaanza kupenya msitu wa Ituri, ambako njaa, mishale na vidonda viliwamaliza wengi sana.

Barghash mwenyewe alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa mwaka 1888 alisafiri kwenda Oman kutafuta nafuu. Alirudi Unguja mwishoni mwa Machi na akafariki saa chache baada ya kufika. Alikuwa na miaka 51 hivi. Ndugu yake Khalifa akashika kiti, na mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Wale wapagazi walioipita Katwe waliendelea kupitia Ankole na kusini ya Ziwa Victoria, wakafika Bagamoyo Desemba 4, 1889. Walipoondoka kwao Bagamoyo ilikuwa na mtoza ushuru wa sultani. Walipoifikia ilikuwa na askari wa Kijerumani. Walivuka kwenda Unguja wakiwa wachache kuliko walivyoondoka, wakamkuta sultani mwingine.

Moto

Mtoto wa Barghash, Khalid, alijitangaza sultani Agosti 1896 bila idhini ya Waingereza, kwa haraka ile ile ya baba yake. Agosti 27 manowari zilipiga majumba ya kifalme kwa muda usiofika saa moja, watu kama 500 wakauawa au kujeruhiwa, na Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani. Alikufa Mombasa mwaka 1927.

Miaka mitatu baada ya mizinga hiyo, mwaka 1899, jumba la Maruhubi liliungua. Mbao za roshani, milango na dari vilikwenda na moto. Marumaru za hamamu ziling'olewa na watu baadaye, kipande kwa kipande. Nguzo hazikuungua na zilikuwa nzito mno kuibwa. Ufuko wa pale kwa miaka mingi ulitumiwa na mafundi wa majahazi na wavuvi, na kamba zao walizifunga popote palipokuwa imara.